Tela bovu si lazima liende kwa wakala: Mwongozo wa matengenezo ya nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Kyela

MSIMU wa mavuno ya mpunga unapowadia wilayani Kyela, chombo kinachotafutwa kuliko kingine chochote si basi wala lori, bali ni tela. Liwe linavutwa na pawatila, trekta au gari dogo, tela ndilo linaloyatoa magunia majarubani na kuyafikisha barabarani, mashineni na sokoni. Ndilo pia linalobeba kakao, matofali, mchanga na hata samani za mtu anayehama nyumba.

Pamoja na umuhimu huo, tela ni chombo kinachosahauliwa. Mmiliki hubadilisha oili ya injini kwa wakati na kusafisha chujio la hewa, lakini tela, kwa kuwa halina injini, huachwa mpaka siku litakapogoma lenyewe. Mara nyingi siku hiyo huangukia katikati ya mavuno, likiwa limejaa mzigo.

Mwandishi wa makala haya anakumbuka msimu mmoja ambapo gurudumu la tela la familia yao lilichomoka kwenye barabara ya Ipinda, saa ambayo wanafunzi walikuwa wakirejea nyumbani. Gurudumu lilivuka barabara mbele yao na kutulia mtaroni. Hakuna aliyeumia, lakini magunia manne yaliangukia kwenye maji na tela likakaa wiki tatu katika karakana ya wakala likisubiri zamu yake. Chanzo, kama ilivyobainika, kilikuwa sili ya mpira inayoenea kiganjani. Ilikuwa imechanika, maji yakaingia, beringi ikaota kutu na kusagika. Tangu tela hilo linunuliwe, hakuna aliyewahi kuifungua habu.

Makala haya yanaeleza matengenezo ambayo mmiliki wa tela anaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani kwa vifaa vya kawaida, namna ya kuyafanya bila kujihatarisha, na yale ambayo hana budi kumwachia fundi.

Kwa nini ufanye mwenyewe

Kutoka Kyela hadi jijini Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, na njia hiyo inapanda milima ya Rungwe kupitia Tukuyu. Kulipeleka tela bovu umbali huo kunahitaji gari la kulibeba au kulivuta, na gharama ya safari yaweza kuipita gharama ya kifaa kilichoharibika. Aidha, wakati wa mavuno karakana huwa na foleni, kwa sababu matela yote huharibika katika msimu mmoja.

Sababu ya pili ni kwamba tela ni chombo chepesi kueleweka. Lina fremu, ekseli, magurudumu, mkono wa kuvutia na bodi, na baadhi ya matela yana breki na taa. Sehemu nyingi zimefungwa kwa nati na bolti.

Wakazi wa Kyela hawana sababu ya kuogopa kazi hii. Wilaya hii, ambayo sehemu yake kubwa ni bonde tambarare linaloishia Ziwa Nyasa, imejulikana kwa miaka mingi kwa wingi wa baiskeli. Mwendesha baiskeli hapa haendi kwa muuzaji kila gurudumu linapocheza. Huifungua ekseli, huziosha goroli, hupaka grisi na kufunga upya. Gurudumu la tela hufanya kazi kwa kanuni ileile, isipokuwa uzito ni mkubwa zaidi na kosa lina madhara makubwa zaidi.

Hali kadhalika, watalii wanaosafiri kwa barabara kutoka kusini mwa Afrika huingia nchini kupitia mpaka wa Kasumulu wakitokea Malawi, na baadhi yao huvuta matela ya kulala. Tela la mtalii lina kitanda na jiko, la mkulima lina magunia, lakini ndani ya habu za yote mawili kuna beringi, sili na grisi. Maelezo ya makala haya yanawafaa wote.

Ipo tahadhari moja kabla ya kuanza. Iwapo tela ni jipya na bado lina dhamana ya muuzaji, soma masharti yake kwanza. Dhamana nyingine hufutika endapo sehemu fulani zitafunguliwa na mtu mwingine.

Vifaa vinavyohitajika

Mmiliki anatakiwa kuwa na jeki inayomudu uzito wa tela, spana ya nati za magurudumu, seti ya spana za kawaida, koleo, nyundo, bisibisi bapa, brashi ndogo, ndoo, vitambaa safi, mafuta ya taa, na kopo la grisi ya beringi. Grisi inayofaa matela mengi ni ile ya lithiamu ya namba 2, ambayo hupatikana katika maduka ya vipuri. Ongeza magogo mawili imara ya mbao ngumu kwa ajili ya kuegemeza ekseli, na kipima upepo wa matairi.

Kuinua tela bila kuhatarisha maisha

Ajali nyingi za karakana za nyumbani hutokea wakati wa kuinua chombo. Shusha mzigo wote kwanza. Weka tela mahali tambarare na pagumu, si kwenye tope wala mchanga. Tela la magurudumu mawili liache likiwa limefungwa kwenye gari au pawatila, au egemeza mkono wake wa mbele na sehemu ya nyuma ili lisipinduke. Weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu ambalo haliinuliwi.

Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko kabla ya kuinua, gurudumu likiwa bado limekanyaga ardhi. Kisha weka jeki chini ya ekseli na kuinua. Tairi likishaachana na ardhi, weka gogo chini ya ekseli na ushushe jeki kidogo mpaka uzito ukae kwenye gogo. Usiingize mwili wako chini ya tela linaloshikiliwa na jeki pekee. Tofali nalo si egemeo, kwa kuwa hupasuka ghafla bila dalili.

Beringi: moyo wa tela

Gurudumu likiwa juu, lizungushe kwa mkono na usikilize. Mlio wa kukwaruza au kunguruma ni dalili ya beringi iliyochakaa au kukaukiwa grisi. Kisha lishike juu na chini, ulivute na kulisukuma. Mchezo mdogo usioonekana sana ni wa kawaida, lakini likicheza waziwazi, habu ni lazima ifunguliwe.

Matela mengi yana beringi mbili katika kila gurudumu, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Aina inayotumika sana ni ile yenye vijiti vya chuma vilivyolala mshazari ndani ya pete ya nje. Hatua za kuihudumia ni hizi:

Kwanza, toa gurudumu. Bandua kifuniko cha habu kwa kukigonga taratibu pembeni kwa bisibisi na nyundo. Ndani utaona nati iliyozuiwa na pini yenye miguu miwili iliyokunjwa. Nyoosha miguu hiyo kwa koleo, toa pini, kisha fungua nati na uondoe washa yake.

Pili, vuta habu kidogo kuelekea kwako kisha irudishe. Beringi ya nje itajitokeza, ipokee isianguke mchangani. Kama gurudumu lina breki na habu inakataa kutoka, legeza kwanza marekebisho ya breki. Chomoa habu yote, igeuze, ng'oa sili ya nyuma na utoe beringi ya ndani. Weka vifaa kwa mpangilio ulivyovitoa. Beringi ya gurudumu la kulia isichanganywe na ya kushoto, kwa sababu kila moja imezoeana na pete yake.

Tatu, osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi mpaka grisi yote ya zamani itoke. Usitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kirahisi. Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa, maana inaweza kuharibika au kurusha vipande.

Nne, kagua kwenye mwanga wa kutosha. Vijiti na pete vinapaswa kung'aa kwa usawa. Rangi ya bluu au zambarau inaonyesha kuwa beringi imeungua kwa joto. Vishimo, magamba, mikwaruzo au madoa ya kutu ni sababu tosha ya kuibadilisha. Ukibadilisha, badilisha sehemu ya ndani pamoja na pete ya nje iliyomo kwenye habu, kwani beringi mpya kwenye pete ya zamani haidumu.

Tano, kama ni nzima au ni mpya, ijaze grisi. Weka bonge la grisi kwenye kiganja, kisha kandamiza upande mpana wa beringi kwenye bonge hilo mpaka grisi itokeze upande wa pili, ukiizungusha kidogo kidogo mpaka ijae pande zote. Kupaka grisi juu juu hakutoshi. Pakaza pia ndani ya habu, lakini usiijaze kabisa, kwani grisi ikizidi huzalisha joto na kusukuma sili nje. Usichanganye grisi mpya na ya zamani ya aina nyingine.

Sita, rudisha beringi ya ndani na ufunge sili mpya. Sili ya zamani isirudishwe hata kama inaonekana nzima. Igonge taratibu kwa kipande bapa cha mbao mpaka ikae sawasawa na ukingo wa habu.

Saba, rudisha habu, beringi ya nje, washa na nati. Kaza nati huku ukizungusha habu mpaka uhisi uzito, ili kila kitu kikae mahali pake. Kisha ilegeze kabisa na uikaze tena kwa vidole tu. Kama tundu la pini halikulingana, rudisha nati nyuma kidogo badala ya kuikaza zaidi. Habu izunguke kwa wepesi bila kucheza sana. Funga kwa pini mpya na ukunje miguu yake. Pini ya zamani ikikunjwa mara ya pili inaweza kukatika, na pini hiyo ndiyo inayoizuia nati kufunguka njiani.

Baada ya kilomita 10 za kwanza, simama na uisogelee habu kwa mgongo wa mkono. Ikiwa vuguvugu, kazi imefanyika vizuri. Ikiwa ya moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, nati imekazwa mno au beringi ina kasoro, na safari isiendelee.

Namna ya kununua beringi

Namba ya beringi huchongwa kwenye uso wake. Kwa beringi za vipimo vya milimita, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa upana wa tundu. Kwa mfano, beringi namba 30206 ina tundu la milimita 30, kwa kuwa 6 mara 5 ni 30, na upana wake wa nje ni milimita 62. Kanuni hiyo haihusu beringi za vipimo vya inchi, ambazo baadhi ya matela kutoka nje ya nchi huzitumia na ambazo namba zake mara nyingi hutanguliwa na herufi.

Njia ya uhakika ni kwenda dukani na beringi ya zamani mkononi pamoja na sili yake. Linganisha namba kabla ya kulipa. Mmiliki anayesafiri mbali na tela lake hufanya vyema kubeba seti moja ya akiba iliyokwishajazwa grisi na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Maji ya Kyela na tela lako

Katika maeneo makavu, habu hufunguliwa mara moja kwa mwaka na hilo hutosha. Kyela si eneo kavu. Ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika wakati wa masika. Tela linalofanya kazi hapa hupita majarubani, mitoni na kwenye barabara zilizojaa maji.

Madhara hutokea hivi. Tela likitembea, habu hupata joto na hewa iliyo ndani yake hutanuka. Habu hiyo ya moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa husinyaa na kuvuta maji kuyapitisha kwenye ukingo wa sili. Maji huchanganyika na grisi, ambayo hugeuka rangi kuwa kama maziwa na kupoteza uwezo wa kulainisha. Baada ya wiki chache za kusimama, kutu huanza.

Kwa hiyo, tela likishazama kiasi cha maji kufika kwenye habu, fungua kifuniko na uitazame grisi. Ikiwa na rangi ya maziwa, osha na ujaze upya hata kama ulifanya kazi hiyo mwezi uliopita. Kabla ya kuvuka maji, ni busara kusimama kwa muda ili habu zipoe.

Magurudumu na matairi

Pima upepo tairi likiwa halijatembea, kwa kuwa joto huongeza shinikizo na kutoa kipimo cha uongo. Kiwango cha juu kabisa kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Upepo mdogo huchosha kingo za tairi na kulipasha joto, na upepo mwingi huchosha katikati.

Matela mengi hufungwa matairi yaliyokwishatumika kwenye magari. Kabla ya kununua tairi la aina hiyo, tafuta maandishi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuonekana nzuri ilhali mpira umezeeka na kupasuka kati ya kashata hizo. Tairi lililozidi miaka 10 lisibebeshwe mzigo.

Tairi la tyubu likipata pancha, ziba kama unavyoziba la baiskeli: jaza upepo, zamisha tyubu majini uone mapovu, kausha, kwaruza, paka gundi, subiri ikauke kidogo, kisha bandika kiraka. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote ili kutafuta mwiba au msumari uliobaki.

Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, si kwa kufuatana, ili rimu ikae sawa. Zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu hulegea kidogo zinapozoea.

Kiunganishi, mnyororo na upakiaji

Mahali tela linapoungana na chombo kinachovuta panahitaji kukaguliwa kila siku ya kazi. Tundu la pini lililokuwa duara likigeuka yai, chuma kimelika na tela litakuwa likigonga kila linapoanza kuvutwa. Pini iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na iwe na kizuizi chake chini. Kipande cha nondo au bolti ya kubahatisha hupinda na kukatika. Mnyororo wa usalama uwepo wakati wote, ili pini ikikatika tela lisibaki huru barabarani.

Upakiaji nao ni sehemu ya matunzo. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, mkono wa tela huinuka na kukipunguzia chombo kinachovuta mshiko wa magurudumu yake, na tela huanza kuyumba. Mzigo mzito uwekwe chini, katikati, ukisogea kidogo mbele ya ekseli. Kwa matela yanayovutwa na magari, kipimo kinachokubalika ni kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ielemee kiunganishi.

Breki na mtego wa miteremko

Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila ziliongezeka katika wilaya nyingi nchini, na wengi walijifunza kuziendesha shambani kabla ya kuzitumia barabarani. Tofauti ya mazingira hayo mawili ni kubwa, hasa kwa anayeishi Kyela na kupeleka mzigo maeneo ya milimani.

Pawatila hugeuzwa kwa kuminya klachi za pembeni. Kwenye tambarare, ukiminya ya kushoto, gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia huendelea kusukuma na chombo hugeuka kushoto. Kwenye mteremko, tela lenye mzigo ndilo linalosukuma. Ukiminya klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto huachiwa na kukimbia, la kulia huzuiwa na injini, na chombo hugeuka kulia, kinyume na alichokusudia dereva. Kwa sababu hiyo, kwenye mteremko dereva hatakiwi kugusa klachi hizo. Anapaswa kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kugeuza kwa nguvu ya mikono na kutumia breki ya tela. Kama breki hiyo haifanyi kazi, hana kitu kingine cha kulizuia tela.

Kurekebisha breki ya ngoma inayovutwa kwa fito si kazi ngumu. Inua gurudumu, kaza nati ya marekebisho mpaka gurudumu lishikwe, kisha ilegeze kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kukwaruza. Fanya vivyo hivyo upande wa pili kwa kiasi kilekile, la sivyo tela litavuta upande mmoja. Kisha jaribu likiwa tupu, mahali tambarare pasipo na watu.

Ukifungua ngoma na kukuta bitana za breki zimelowa grisi, sili ya habu imevuja. Badilisha sili na bitana zote mbili. Kufuta kwa kitambaa hakusaidii. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa baadhi ya bitana za zamani zina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Taa na viakisi

Taa za tela zikizima zote kwa pamoja au zikiwaka kwa ufifi, kagua kwanza waya wa ethi, ule unaoungana na fremu. Fungua bolti yake, kwaruza kutu mpaka chuma king'ae, kisha funga na upake grisi juu. Tatizo likibaki, kagua plagi ya kuunganishia, na mwisho balbu.

Matela mengi ya pawatila hayana taa kabisa. Hayo yasitembee usiku. Hata hivyo, giza hushuka kabla ya mzigo kufika, hivyo viakisi vyekundu nyuma na vyeupe mbele ni vya lazima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayahusu matela kama inavyoyahusu magari, na mmiliki ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha chombo chake ni kizima kabla hakijaingia barabarani.

Kazi zisizofaa kufanywa nyumbani

Zipo kazi ambazo mmiliki anapaswa kumwachia fundi mwenye ujuzi na vifaa. Ya kwanza ni kuchomelea fremu, ekseli au mkono wa tela. Mchomeleo unaoonekana mzuri kwa nje unaweza kuwa haukushika ndani, na utaachia siku ya mzigo mkubwa. Ya pili ni ekseli iliyopinda, ambayo hutambulika kwa matairi kulika upande mmoja ilhali upepo ni sahihi. Ekseli ikinyooshwa kwa moto na nyundo hupoteza uimara. Ya tatu ni ncha ya ekseli inayobeba beringi. Ikiwa imelika kiasi kwamba beringi mpya inacheza juu yake, hakuna grisi itakayosaidia.

Kwa kazi hizo, kwenda kwa wakala au karakana inayoaminika si hasara. Mmiliki anayejua sehemu za tela lake ataweza kumweleza fundi tatizo, kuulizia kifaa kilichobadilishwa na kudai arudishiwe cha zamani akione.

Ratiba ya matunzo

Kila siku ya kazi: kagua pini, mnyororo, nati za magurudumu na upepo wa matairi kwa macho. Kila wiki: pima upepo kwa kipimo, jaribu breki, osha tope lililoganda kwenye fremu. Kila baada ya kuzama majini: fungua vifuniko vya habu na uitazame grisi. Kila mwaka, kabla ya mavuno: fungua habu zote, osha, jaza grisi, badilisha sili na pini, kwaruza kutu kwenye fremu na upake rangi ya kuzuia kutu, kagua mbao za sakafu na nyufa kwenye michomeleo.

Kwa anayefanya kwa mara ya kwanza, kazi ya magurudumu mawili yaweza kuchukua siku nzima. Mwaka unaofuata itachukua nusu siku. Ni vyema siku hiyo ichaguliwe kabla mpunga haujaanza kukatwa, wakati maduka ya vipuri bado yana bidhaa na hakuna anayelisubiri tela barabarani.